Kabla hujameza dawa ya sonona jibu kwanza swali hili: ushawahi kupaa?

famasi_ya_kona (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aseivu asome usiku. Mimi nauza dawa, famasi ya mtaani huku upande wa Temeke, sio daktari na naomba asitokee mtu wa kuniita dokta humu, ila nna ndugu yangu wa tumbo moja anaumwa huu ugonjwa miaka mingi sasa kwahiyo naandika kwa yale ninayoyaona dirishani kazini na yale ninayoyaona sebuleni nyumbani.

Kilichonisukuma ni wateja. Mtu anakuja anaongea kwa kunong'ona, "kaka nipe ile dawa ya mawazo", au anakuonyesha jina la dawa katumiwa WhatsApp na shosti yake, anataka fluoksetini au amitriptilini, ukimuuliza kakuandikia nani ananuna anavuka barabara anaenda kuuziwa kwa jirani. Sasa kuna swali moja ambalo wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote, na ndo hoja yangu nzima humu: kabla ya huku kushuka, ushawahi kupaa?

Nieleze. Magonjwa ya hisia ni ukoo. Kuna sonona, ambayo WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa hesabu ya 2019 walikadiria inawasumbua watu kama milioni 280 duniani, wanawake wengi kuliko wanaume. Kuna sonona sugu ile ya chinichini, inakaa na mtu miaka miwili na zaidi mpaka watu wanasema huyu ndo alivyo, mpole, hacheki hovyo. Halafu kuna bipola, hao mwaka huohuo wa 2019 walikuwa milioni 40 hivi, na hawa ndo wanaopanda na kushuka. Shida ni kwamba mtu wa bipola akiwa chini na mtu wa sonona akiwa chini ukiwaweka kwenye benchi moja pale kliniki huwezi kuwatofautisha kwa macho. Tofauti iko kwenye historia yao, na historia lazima mtu aiulize.

Kushuka kwanza. Daktari anaangalia muda, angalau wiki mbili, karibu kila siku na karibu kutwa nzima, na kuna dalili tisa, zikifika tano kwenda juu ndo anaanza kuita sonona, na katika hizo lazima mojawapo iwe moyo mzito au kukosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda. Nyingine ni usingizi kuvurugika, hamu ya kula kupotea au kuzidi, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujiona hufai, akili kushindwa kutulia sehemu moja, na kuwaza kufa. Ila hapa Dar mtu haji kukwambia nina huzuni bhana. Anakuja na kichwa kinawaka moto, mgongo, moyo unaenda mbio, tumbo limejaa gesi. Kapima malaria hamna, kapima taifodi kaambiwa ipo, kapima UTI kaambiwa ipo (bongo nani hana UTI), kamaliza dozi zote na bado asubuhi hawezi kunyanyuka kitandani. Huyo nampa ushauri aende hospitali akaombe kuonana na watu wa afya ya akili, na wengi wananiangalia kana kwamba nimewatukana, sababu kwetu ukitaja akili tu mtu anasikia "ana faili Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma.

Sasa kupaa. Hapa ndo penyewe. Mtu anaanza kulala masaa mawili matatu tu na asubuhi yuko fiti kuliko wewe uliyelala masaa manane. Anaongea haraka, hakatiziki, mawazo yanapishana, ana mipango mitano ya biashara kwa mpigo. Anatoa hela hovyo, anachangia harusi za watu asiowajua, analipia fremu Kariakoo wakati bidhaa hana, anachukua mikopo ya kausha damu mitatu kwa wiki, anauza kiwanja cha Chanika kwa bei ya kutupa. Mwingine furaha hana kabisa, ana hasira tu, kila mtu anamwona mjinga. Ikikaa wiki moja au ikawa kali mpaka alazwe wanaiita mania. Ikiwa ndogo, siku nne na kuendelea, kazi anaenda, hajavunja kitu, ni kupaa kudogo, na hii ndo mtihani maana nyumbani WANAIPENDA. Jamaa kachangamka, ana pesa, ana maneno, mama anasema mwanangu kapona. Hakuna anayempeleka mtu hospitali kwa kosa la kuwa na furaha. Atakuja kwenda akishaanguka, na kule akiulizwa tatizo nini atasema nimekosa raha ya maisha, basi, habari ya miezi mitatu iliyopita hata haikumbuki kama ni ugonjwa.

Madhara yake ni nini? Dawa ya sonona ikimezwa peke yake na mtu wa bipola inaweza kumrusha juu. Anayeinuka kwa namna hiyo watu wanaisifia dawa wiki ya kwanza, ya tatu wanaitafuta bajaji usiku wa manane wampeleke hospitali kafungwa kanga mikono.

Karibuni, maswali leteni.

chuma_cha_reli

Uzi mrefu kama foleni ya Mbagala sikukuu ya Idi. Mwenye ufupisho anitag

Mzee_wa_Pugu

Kijana umeandika vizuri lakini sisi tuliokula chumvi nyingi haya mambo tunayajua kwa majina yake. Mtu halali, anaongea peke yake, anasema ameitwa, huyo kapandisha. Zamani alikuwa anapungwa anatulia. Nyie mnakimbilia vidonge vya wazungu mnasahau kwenu.

famasi_ya_kona

Shikamoo mzee wangu. Sitabishana na wewe kuhusu majini, sina elimu hiyo. Nitasema ninachokiona tu. Mania ina tabia ya kuisha yenyewe, hata usipofanya kitu, baada ya wiki au miezi inashuka. Kwahiyo yeyote aliyekuwepo pale inaposhuka ndiye anayepewa sifa, awe mganga, awe nabii, awe mimi na famasi yangu. Mtihani ni mwaka unaofuata, inarudi au hairudi. Ndugu yangu alitulia kwa dua pia, mara ya kwanza, tukachinja mbuzi. Ikarudi.

Na shehe anayemswalisha na mchungaji anayemwombea mimi sina ugomvi nao kabisa, wengine ndo wanaomsindikiza mgonjwa kliniki. Ugomvi wangu ni na mtu anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili kuonyesha imani, na mtu anayemweka kwenye mkesha wa siku tatu, maana kukosa usingizi ndo kitu kimojawapo kinachowasha mania haraka kuliko vyote. Unamwombea huku unamchochea. Na minyororo, mzee wangu, hiyo hapana, hata kwa siku moja.

mama_wawili_Tabata

Asante mleta mada. Naomba uongelee na sisi tuliojifungua, maana mimi baada ya mtoto wa pili nilikaa miezi nalia bafuni na maji nimefungulia ili mama mkwe asisikie. Kila mtu ananiambia una mtoto mzima una mume unalilia nini, shukuru Mungu. Mtoto nlikuwa namnyonyesha simuoni yaan ni kama nashika wa jirani. Kuna mtu kliniki ya watoto ndo aliniuliza, dada wewe mwenyewe unalala? nikaanza kulia pale pale mbele ya watu wenye kadi zao

famasi_ya_kona

Pole sana dada, na umefanya vizuri kuandika maana wanaosoma kimya humu ni wengi.

Baada ya kujifungua kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Kuna kulialia kwa siku za mwanzo, kunawapata akina mama wengi sana, ndani ya wiki mbili kumeisha kwenyewe, huyo anataka kupumzika na kusaidiwa mtoto tu. Kuna sonona ya uzazi, hiyo haiishi wiki mbili, ndo ile uliyoieleza, inaweza hata kuanza mtoto akiwa bado tumboni, na inatibika, kwa mazungumzo na zipo dawa ambazo mama anameza na anaendelea kunyonyesha. Ya tatu ni adimu, mmoja au wawili katika akina mama elfu moja, inakuja ghafla siku au wiki za kwanza, mama halali kabisa, anachanganyikiwa, anaona au anasikia vitu, anasema mtoto ana kitu. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, usimwache peke yake na mtoto hata kama ni kwenda dukani, na mara nyingi nyuma yake kuna bipola ambayo hakuna aliyeijua. Kwahiyo swali langu la kupaa linawahusu na wajawazito, sema kliniki mapema.

Kijana_wa_Ubungo_Kibo

mkuu swali, hii kitu ni ya kurithi? mshua wangu alikuwa hivyohivyo alivyoeleza mleta mada, kauza nyumba mbili, sa hivi mimi nikifurahi kidogo tu naanza kujishtukia. na je kweli ni upungufu wa serotonini kwenye ubongo? nshasoma sehemu

famasi_ya_kona

Mdogo wangu, damu ina nafasi kubwa, hasa kwenye bipola. Mtoto wa mzazi mwenye bipola uwezekano wake ni kama mmoja kwa kumi, wakati kwa watu wa kawaida ni kama mmoja au wawili kwa mia. Igeuze sasa: tisa kati ya kumi hawaipati. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiwa nayo, mwenzake si lazima. Kwenye sonona damu ina nguvu ndogo zaidi, maisha yanachangia pakubwa, kufiwa, kupigwa au kuchezewa utotoni, ndoa ya vipigo, madeni, kukaa muda mrefu bila kazi. Kuna mtu anaanguka baada ya msiba, mwingine anaanguka mambo yote yakiwa safi, hili la pili watu hawalielewi, wanatafuta sababu mpaka wanazua.

Serotonini ni hivi. Hadithi ya kwamba sonona ni tangi la serotonini limepungua, unajaza, ni nyepesi mno. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi mkubwa wa tafiti ukaonyesha ushahidi wa hadithi hiyo ni dhaifu. Lakini wengine wakaruka wakasema basi dawa ni feki, hapo nao wamekosea, dawa inaweza kusaidia hata kama maelezo ya kwa nini inasaidia hayajakaa sawa. Historia yenyewe ya hizi dawa ni ya kuokoteza bhana. Miaka ya hamsini mwanzoni wagonjwa wa kifua kikuu Marekani walipewa dawa ya TB inaitwa iproniazidi, wakaanza kuchangamka wodini kuliko ilivyotarajiwa. Ndo mojawapo ya dawa za kwanza za sonona ikapatikana hivyo, kwa bahati.

Na usisahau mwili. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo mtu anakuwa mzito na mnyonge, ikizidi anakuwa moto. Upungufu wa damu. Kiharusi. Prednisoloni, ambayo watu wanameza huku mtaani kama wanataka kunenepa, inaweza kumpandisha mtu mania kabisa au kumshusha. Pombe ndo usiseme. Mtu anakunywa ili alale, pombe inamkatia usingizi alfajiri, anaamka kachoka na kanyong'onyea, jioni anarudi baa. Ndo maana daktari mzuri atakupima damu kabla hajakupa jina la ugonjwa.

Wewe cha kufanya: angalia usingizi wako, usiogope furaha yako. Ukifurahi na ukalala vizuri, furahi ndugu yangu.

Nahodha_wa_Kigamboni

Wakuu mimi ni mgonjwa mwenyewe, bipola, natumia lithiamu. Naandika sababu hakuna aliyewahi kuniambia haya kwa ukamilifu wake.

Lithiamu ni chumvi tu, ya kuchimbwa ardhini, Mwaustralia John Cade ndo aliiandikia mwaka 1949, Marekani wakaipitisha 1970. Ni dawa kongwe, bei si kubwa, na ndo dawa iliyoonyesha vizuri kuliko nyingine kupunguza watu kujiua. Mimi imenirudishia maisha. Ila ina adabu zake. Kiwango kinachoponya na kinachodhuru vimekaa karibukaribu, damu yako inatakiwa iwe na kama 0.6 mpaka 1.0 (milimoli kwa lita), ikipita 1.5 unaingia kwenye sumu. Kwahiyo unapimwa damu, asubuhi, masaa kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, na figo na tezi zinaangaliwa kila baada ya miezi sita hivi.

Sasa nyie watu wa famasi nisikilizeni. Mgongo uliniuma, nikaingia duka moja nikapewa diklofenaki bila kuulizwa natumia nini, na hapa mjini diklofenaki inauzwa kama karanga. Baada ya siku kadhaa mikono inatetemeka mpaka kikombe kinamwagika, naharisha, natembea nayumba, wife akajua nimerudia pombe. Kupima, lithiamu iko juu. Diklofenaki, ibuprofeni, na baadhi ya dawa za presha zinaifanya figo ishikilie lithiamu isitoke. Paracetamol haina shida hiyo. Jua la Dar nalo, ukitoka jasho sana bila kunywa maji, ukiharisha, ukitapika, kiwango kinapanda.

Na mfungo. Mimi ni Muislamu, kila mwaka kabla ya Ramadhani naenda kwa daktari tunapanga, anapima, anabadilisha muda wa dozi, mwaka mmoja aliniambia hapana mwaka huu usifunge na nikamsikiliza. Usijipangie mwenyewe.

famasi_ya_kona

Nahodha umeniheshimisha. Wauza dawa wenzangu mnaosoma: kabla hujampa mtu diklofenaki muulize anatumia nini kingine, swali la sekunde tano.

Naongezea ya akina dada. Valproeti inatumika sana kwa bipola na kifafa, ni nzuri, lakini kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni hatari, karibu mtoto mmoja kwa kumi anazaliwa na kasoro ya mwili na wengine wengi, kama 30 mpaka 40 kwa mia, wanachelewa kukua kiakili. Muulize daktari kuhusu njia nyingine mapema, ila usiiache ghafla mwenyewe kwa kusoma huu uzi.

toto_la_Sinza

Dawa zenyewe zinawafanya watu mazombi, jirani yangu alianza vidonge akawa anadondosha mate. Afu eti wanapiga watu shoti ya umeme kichwani??

famasi_ya_kona

Mate na kukakamaa mara nyingi ni dawa kama haloperidoli dozi ikiwa kubwa, inampoza mtu aliyepaa sana, baadae inatakiwa ipunguzwe au abadilishiwe. Tatizo mgonjwa anatoka wodini na dozi ileile ya dharura, harudi kliniki, anaimeza mwaka mzima au anaitupa. Rudi ukamwambie daktari, hiyo ni haki yako.

Dawa za sonona tofauti. Zinachukua wiki mbili mpaka sita kuonyesha kazi na madhara yanatangulia, kichefuchefu, kichwa, ndo maana watu wanaacha wiki ya kwanza. Haziwi uraibu wa kutafuta dozi kubwa kila siku, ila ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na kuhisi kama vishoti vya umeme ndani ya kichwa, zinapunguzwa polepole. Na ukipona unaendelea miezi sita hivi au zaidi, kwa sababu kuacha mapema ndo kunairudisha.

Umeme ni kweli upo tangu 1938, ulianzia Roma. Siku hizi mtu anapigwa nusukaputi kwanza, halafu analegezwa misuli, hasikii kitu. Unatumika kwa sonona kali sana, mtu hali hanywi, na unafanya kazi haraka kuliko vidonge. Kumbukumbu ya siku zile inaweza kupotea, hilo nalo ni kweli.

bwana_shamba_mjini

Mi naona hela ya kwenda kuongea na mtu nisiyemjua bora ninunue kitimoto nikae na wanangu tupige stori, stress zinaisha

mama_wawili_Tabata

kaka wanao wakishaondoka?

famasi_ya_kona

Haha. Stori na washkaji zinasaidia kweli, sikatai, upweke ni kichocheo. Ila mazungumzo ya tiba ni kazi nyingine. Unafundishwa kukamata wazo linalokuja lenyewe, "mimi ni mzigo kwa watu", unalikagua ushahidi wake uko wapi, halafu unapangiwa vitu vidogo vya kufanya hata kama hamu huna, maana kwenye sonona hamu inakuja baada ya kufanya. Kwa sonona ya wastani inakaribiana na dawa, kwa kali vyote viwili. Na si lazima awe profesa. Zimbabwe tangu 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani, wanakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati wanawasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine, wakafanya utafiti ukatoka 2016, waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Pa kwenda hapa Dar: Muhimbili kuna idara nzima, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Mwananyamala, Temeke, ulizia kliniki ya afya ya akili. Hata zahanati ya karibu yako inaweza kukuandikia rufaa.

Asha_K_Buza

Samahani naingilia nina haraka. Kaka yangu ana siku ya nne halali, anaongea mfululizo, jana kagawa vyombo vya ndani kwa majirani, leo anasema anataka kwenda Ikulu kuna ujumbe wake. Mwaka jana alikuwa chini sana akawa anasema bora afe, mwezi uliopita kuna mtu alimnunulia vidonge vya mawazo. Tufanyeje na baba anasema tusubiri jumatatu

famasi_ya_kona

Dada Asha usisubiri jumatatu, mpelekeni leo, dharura ya hospitali yoyote kubwa iko wazi usiku. Msibishane naye kuhusu Ikulu, hamtashinda, mwambieni tu hujalala siku nne twende wakupe kitu cha kulala, hilo mara nyingi anakubali. Aende na yule anayemsikiliza zaidi hata kama ni rafiki. Wawili watatu wanatosha, msimzunguke kundi zima. Funguo za pikipiki, kadi za benki na simu yenye mikopo shikeni nyie. Vidonge vyote vya ndani toeni alipo, na kwa kuwa alishasema bora afe, muulizeni wazi kama anawaza hilo sasa, kumuuliza hakumpi wazo jipya.

Mkifika mwambieni daktari kwa sentensi ya kwanza kabisa: mwaka jana alishuka, mwezi uliopita kaanza vidonge vya mawazo, sasa kapaa. Na bebeni boksi la hivyo vidonge, pamoja na kitu kingine chochote anachotumia, hata kama ni dawa ya mitishamba kwenye chupa ya maji.

Baba mpe simu nimpigie kama hataki, namba nakutumia PM.